Sonara aliyeletewa sarafu ya Kirumi aiyeyushe: maoni yangu kuhusu OCRE, hifadhi ya sarafu za Kirumi mtandaoni

Mama mmoja wa Tanga aliingia kwangu hapa Leicester nikiwa nakaribia kufunga. Akafungua leso yake juu ya meza, akatoa kidani chenye mkufu uliokatika. "Fundi, niyeyushie hii pauni. Nataka bangili mbili za binti yangu, harusi ni mwezi wa nane."

Kazi hii nimeirithi kwa babangu, Mji wa Kale, Mombasa. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza nimeishika tangu utotoni: gramu 7.98, karati 22, upande mmoja mfalme au malkia, upande wa pili mtu juu ya farasi akiliua joka. Bibi zetu walizivaa shingoni na masikioni, na zilipochakaa vitanzi tulivitengeneza sisi. Pauni naijua hata taa zikizimika. Hii aliyoniletea mama ilikuwa nyembamba, pana kidogo, na manjano yake yalikuwa yameiva kupita ya karati 22. Uso wa kijana ulitazama kulia, kichwani amefunga utepe wa lulu, na herufi zimemzunguka. "Mama, hii siyo pauni," nikamwambia. "Niachie siku mbili, sitaiwasha moto."

Aliniambia ameachiwa kwa wasia na bibi wa Kiingereza aliyemhudumia miaka sita mpaka akafariki. Barua ya wakili anayo, na picha ya bibi huyo amekivaa kidani hicho hicho kwenye harusi ya mwaka 1961. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshakipeleka kwenye duka moja linalonunua dhahabu kuukuu. Walikitupa kwenye mizani kikiwa na fremu na mkufu wake, wakamtajia bei ya gramu. Hakuna aliyeinama kusoma herufi. Hilo liliniuma, maana mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimeyeyusha vitu ambavyo leo ningependa nivishike tena.

Kilichonisaidia ni OCRE, kwa jina lake refu Online Coins of the Roman Empire, hifadhi ya sarafu za Dola la Kirumi iliyoko kwenye intaneti kwa numismatics.org/ocre. Ni kazi ya American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu kilichoanzishwa New York mwaka 1858, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha New York. Huduma ni bure, hujisajili, hakuna anayekuomba namba ya kadi. Nimeitumia usiku mbili mfululizo na nimeona nieleze ilivyo, hasa kwa masonara wenzangu na kwa mwenye sarafu ya zamani kabatini asiyejua aanzie wapi.

Niseme kwanza nilichofanya kabla ya kufungua kompyuta. Fremu ilikuwa na kucha nne, haikuchomelewa, kwa hiyo niliziinua kucha kwa koleo dogo lililofungwa kitambaa na sarafu ikatoka bila mkwaruzo. Ingekuwa imechomelewa kitanzi juu yake, nisingeigusa. Kipenyo milimita 21. Uzito gramu 4.42.

Uzito huo pekee ulishanisimulia nusu ya habari, ingawa niliuelewa baadaye niliposoma. Sarafu kongwe ya dhahabu ya Warumi inaitwa aureus. Wakati wa Augusto ilikaribia gramu 8, karibu sawa na pauni yetu. Mwaka 64 BK Nero akaipunguza, ratili moja ya Kirumi ikatoa sarafu 45, yaani kila moja gramu 7.3 hivi. Mwaka 215 Caracalla akaishusha tena, ratili ikatoa 50. Kila mfalme akibanwa na gharama za jeshi, anapunguza. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 4 Konstantino akaleta sarafu mpya, solidus, 72 kwa ratili, kila moja gramu 4.5 kasoro kidogo. Hiyo haikupunguzwa kwa mamia ya miaka. Gramu 4.42 basi ni solidus, na kila mfalme aliyetangulia Konstantino nikamtoa kwenye orodha kabla sijasoma hata herufi moja. Mwenye mizani nzuri ana nusu ya jibu mkononi.

Sasa herufi. Upande wa uso zilisomeka hivi: D N HONORI, kisha kichwa kinakatiza, kisha VS P F AVG. Nikafungua OCRE, nikaandika HONORIUS, jina la mfalme, kwenye sehemu ya maandishi ya sarafu. Hakikuja kitu. Nilikaa robo saa nikidhani nimekosea kusoma, kumbe kosa langu lilikuwa herufi moja: Warumi waliiandika V mahali pa U, na hifadhi inayanakili maandishi kama yalivyo kwenye dhahabu. Tena neno likikatizwa na kichwa cha mfalme, ukiliandika zima huenda usilipate. Tangu hapo nimejifunza kuacha kuandika na kuanza kuchagua. Kuna orodha za kuchuja: metali, aina ya sarafu, mtawala, kiwanda ilikogongwa, sura iliyochongwa. Nilichagua dhahabu, nikachagua solidus, nikamchagua Honorius, na ile bahari ya maelfu ya aina ikapungua ikawa kurasa chache ninazoweza kuzisoma kwa kikombe kimoja cha chai.

Kwa asiyeweza kusoma hata jina kuna ukurasa maalumu wa kutambua sarafu, wenye picha za nyuso za wafalme. Unalinganisha pua, ndevu, taji, unabonyeza. Nauthamini ukurasa huo kuliko sehemu nyingine yoyote ya huduma hii, kwa sababu sarafu nyingi zinazotufikia zimevaliwa shingoni miaka na miaka mpaka maandishi yamelala. Uso hubaki. Ila kwa sarafu za karne ya 4 na ya 5 uwe na subira, kwani wafalme wa wakati huo wamechongwa karibu wote kwa sura moja: kijana, utepe wa lulu, joho lililofungwa begani, deraya kifuani. Honorius, kaka yake Arcadius na baba yao Theodosius ukiwapanga pamoja bila majina, hutawatenganisha kwa uso.

Upande wa nyuma ndio ulionifunga. Mfalme amesimama, mkono mmoja bendera ya kijeshi, mkono mwingine ameshika tufe, na juu ya tufe kasimama Ushindi, mungu wa kike wa Warumi, mdogo mwenye mabawa, anayemvisha shada. Mguu wake wa kushoto amemkanyaga mateka aliyeketi chini. Maandishi: VICTORIA AVGGG. Kushoto kwa mfalme kuna M, kulia D, na chini, mahali palipotengwa kwa mstari, COMOB.

Nilidhani M na D ni tarakimu za Kirumi. Nilipochuja kwa kiwanda, nikaelewa: ni Mediolanum, mji tunaouita leo Milano. Solidus za Honorius za sura hii hii ziligongwa Ravenna pia, nazo zina R na V. Za Roma zina R na M. Kumbe kipande kidogo hicho kinasimulia safari ya mfalme. Honorius alirithi upande wa magharibi wa Dola mwaka 395 akiwa na miaka kumi tu, makao yake yakiwa Milano. Mwaka 401 Alariki, kiongozi wa kabila la Wagothi, aliingia Italia na watu wake, na mwaka uliofuata ikulu ikahamia Ravenna, mji uliozungukwa na mabwawa. Wagonga sarafu nao wakaifuata ikulu. Kwa hiyo M na D zinaitia sarafu ya mama kwenye miaka ya mwanzo ya utawala wake, na OCRE ikanipa ukurasa wake: juzuu la 10, namba 1206.

Namba hiyo inatoka kwenye Roman Imperial Coinage, orodha kubwa ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1923 na la kumi, la J. P. C. Kent, mwaka 1994. Ndiyo wataalamu wanayoitaja ulimwenguni kote, na juzuu zake si za kununuliwa na fundi wa kawaida. OCRE imezifungua juzuu hizo kwa kila mtu, kuanzia Augusto mwaka 31 KK hadi kifo cha mfalme Zeno mwaka 491 BK. Chini ya kila aina utakuta vielelezo vilivyoko kwenye makumbusho, kila kimoja na uzito wake, kipenyo chake na mara nyingi picha. Niliweka sarafu ya mama chini ya lenzi upande mmoja na picha kwenye kioo upande mwingine, nikalinganisha mkunjo wa joho, vidole vya mateka, nafasi kati ya herufi. Nimefanya kazi ya dhahabu miaka 31. Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya kompyuta.

Maelezo nimeyasoma kwa Kiingereza, na vifupisho vya Kilatini havitafsiriwi kila mara, kwa hiyo nivieleze hapa. D N ni "Bwana Wetu". P F ni "mcha Mungu, mwenye heri". AVG ni Augusto, cheo cha mfalme, na ikiandikwa AVGGG kila G inahesabu Augusto mmoja, basi wapo watatu. OB ya mwisho wa COMOB ni ya neno la Kilatini la dhahabu iliyotakaswa kwa moto. Hapo nilisimama nikaenda kuchukua bilauri. Niliitundika sarafu kwa uzi ndani ya maji: hewani gramu 4.420, majini 4.189. Gawanya uzito kwa tofauti, unapata 19.1, yaani sarafu ni nzito mara 19.1 ya maji ya ujazo ule ule. Dhahabu safi ni 19.3, na karati 22 iko chini ya 18. Mgongaji wa Milano aliandika kwenye chuma chake kwamba dhahabu imetakaswa, na baada ya miaka elfu moja na mia sita maji ya bomba la Leicester yakamkubalia.

Kuna jambo la kwetu humu ndani pia. Sisi tunaohesabu zaka ya dhahabu tunaanzia dinari 20, ambazo ni gramu 85, yaani kila dinari gramu 4.25. Dinari ya kwanza ya Waislamu ilitokana na solidus hii. Waarabu wa Sham walikuwa wakitumia solidus za Warumi wa Konstantinopoli, kisha wakagonga za kuziigiza, mpaka Khalifa Abdul-Malik alipoitoa dinari yenye maandishi matupu bila sura mwaka 77 Hijria. Hata neno dinari ni la Kilatini, denarius, na limo ndani ya Qurani katika Surat Aal Imran. Nilipoiona 4.42 kwenye mizani nilihisi kama nimekutana na babu wa kipimo ninachokitumia kila mwaka.

Sasa nieleze mpaka wa huduma hii, maana nisipousema mtu anaweza kuumia. OCRE ni orodha ya aina. Itakuambia sarafu yako inafanana na aina gani. Haiwezi kukuambia kama iliyo mkononi mwako iligongwa mwaka 400 au ilitengenezwa juzi, wala haitaji bei. Na hapa masonara tunajidanganya kirahisi kuliko watu wengine, kwa sababu tumezoea kuuliza swali moja tu: ni dhahabu au siyo? Dhahabu halisi haithibitishi sarafu halisi. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya chuma na kugonga sarafu za kale za uongo kwa dhahabu na fedha ya kweli, na ziliingia kwenye makusanyo ya wakubwa. Maji yangu na mizani yangu visingemkamata Becker. Vilevile wapo watu waliokuwa jirani na Dola la Kirumi wakati huo huo, walioigiza solidus za Honorius kwa herufi zilizopinda, nazo leo ni za kale na zina thamani yake pia. Kuzitenganisha kunahitaji macho yaliyoshika nyingi.

Kwa hiyo nilimshauri mama twende kwa mfanyabiashara wa sarafu kuukuu, London. Jina silitaji kwa kuwa hakuniruhusu, lakini nitaeleza alivyofanya, ili ujue mtaalamu wa kweli unavyomtambua. Hakuitupa kwenye mizani kwanza. Aliishika kwa ukingo, akaigeuza chini ya taa ya pembeni akitafuta mistari midogo inayokimbilia ukingoni, ile ambayo dhahabu huiacha inapotawanyika chini ya nyundo. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu haina mistari hiyo, ina vitobo vya hewa. Akachunguza ukingo mzima kama kuna mshono. Akatazama ndani ya herufi kama kona ni kali au zimelainika kama sabuni. Kisha akaleta picha za sarafu nyingine za namba 1206 akatafuta mhuri uliofanana, na hata zile zinazofanana kupita kiasi, kwa sababu mughushi mara nyingi hurudia doa lile lile kwenye sarafu zake zote. Yote hayo mbele yetu, akieleza. Mwisho akasema ni halisi, ya Milano, namba 1206, akaandika cheti kwa ada ya pauni 40.

Akauliza pia imetoka wapi, na swali hilo nililipenda. Uingereza ina sheria ya hazina ya mwaka 1996 kuhusu vitu vya kale vinavyochimbuliwa, na solidus za Honorius zimetoka ardhini hapa: mwaka 1992, Hoxne, Suffolk, mtu aliyekuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea alikuta sanduku lenye sarafu 569 za dhahabu na zaidi ya 14,000 za fedha, ambazo sasa ziko British Museum. Zilifukiwa wakati utawala wa Roma ukiondoka kisiwani. Mama akatoa barua ya wakili na ile picha ya harusi ya 1961. Mfanyabiashara akazipiga nakala, akamwambia azitunze pamoja na sarafu siku zote, maana mnunuzi yeyote mwaminifu atazidai. Kuhusu thamani alimwambia wazi: kidani kimeipunguza kidogo, kucha zimeacha alama nne ukingoni, ila hata hivyo mkusanyaji atailipa zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo.

Mambo machache ya matumizi. OCRE ifungulie kwenye kompyuta, kwenye simu orodha za kuchuja zinabana na picha hazilinganishiki vizuri. Kabla ya kutafuta, andika kwenye karatasi uzito, kipenyo, na kila herufi unayoiona hata kama ni nusu, ukiacha nafasi pale palipofutika. Herufi za chini ya mstari na zile za pembeni mwa sura usizidharau. Kwangu ndizo zilizomaliza kazi. Usisugue sarafu kwenye jiwe la kupimia, usitie asidi, usiing'arishe kwa chochote. Ukibaki na aina mbili au tatu, usichague kwa kubahatisha, linganisha vielelezo kimoja kimoja. Na usitegemee mtu wa kukujibu swali, kwani ile ni hifadhi ya kusoma, haina fundi nyuma ya kaunta. Kwa nilichokihitaji, naipa nyota tano.

Mama alirudi Jumamosi iliyofuata na binti yake. Tuliwasha kompyuta nikawaonyesha ukurasa wenyewe, na binti akaisoma HONORIVS kwa sauti, herufi kwa herufi, kidole kikiwa juu ya kioo. Akauliza yule aliyekanyagwa ni nani. Nikamwambia hana jina, ni adui tu. Aliitazama muda mrefu, akasema bangili zinaweza kutoka kwenye mkufu na fremu, na kikipungua ataongeza mchumba wake. Nimezitengeneza, ni nyembamba lakini nzito mkononi. Sarafu nimeitengenezea kikombe kipya cha dhahabu kilichowazi pande zote mbili, kinafungwa kwa skrubu, hakina kucha wala pahali pa kuchomelea, na siku ya harusi ataivaa yeye.